Marehemu Radi, Farasi Aliyedhaniwa Kuwa Lori

Ndugu waombolezaji, familia ya marehemu ni mlezi wake Khainza peke yake, na kwa kuwa sauti imemkauka kwa kulia, mimi dada yake Namwase nasoma alichoandika, hata kama wengine mmefuata pilau.

Marehemu Radi alizaliwa tarehe 14 Aprili 2012 huko Kitale, Kenya, akaletwa Jinja mwaka 2016 na Bwana Wangila, mfanyabiashara wa malori, yule wa kiti cha mbele mwenye miwani nyeusi. Masomo aliyapata Mpumudde, hapahapa Jinja, ambako Khainza alimfundisha kuruka magogo, mitaro na nyua za michongoma, naye Bwana Wangila akamfundisha kupigwa picha.

Kazi aliianza Mbale tarehe 3 Machi 2018, katika mbio za nyika za kuruka vizuizi, akawa wa nne, kisha akashinda mwaka 2019, 2022 na 2023, na kila mara Bwana Wangila alitangaza kwamba wameshinda, ingawa yeye kupanda ngazi tu humtoa jasho.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa, kwa sababu alihasiwa tarehe 9 Machi 2015 bila kuulizwa, hivyo hakuacha mjane wala mtoto, ameachwa Khainza, aliyekula chakula chake cha mchana zizini miaka minane ili marehemu asile peke yake.

Ugonjwa ulianza tarehe 2 Novemba 2024, mguu wa mbele wa kulia ulipovimba na kupata moto, Khainza akapiga magoti kumwomba Bwana Wangila asimpeleke kwenye mbio za Mbale wiki iliyofuata, naye akajibu kwamba lori likipata moto humwagiwa maji likaendelea na safari, akaumwagia mguu maji baridi siku tatu, uvimbe ukapungua, akajiona daktari. Tarehe 9 Novemba, kwenye mtaro wa saba, mguu huohuo ulivunjika, marehemu akasimama kwa mitatu akimtafuta Khainza kwa macho, hadi alipodungwa sindano ya mwisho saa tisa na robo alasiri.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu hakumpiga mtu teke hata siku moja, na hilo ndilo kosa pekee tunalomlaumu.

Tunamshukuru daktari wa mifugo Mubaraka, ambaye angefika mapema kama angeitwa mapema, majirani waliochimba kaburi kubwa namna hii, na wafanyakazi wenzake, farasi wawili, ambao tangu Jumamosi hawajagusa majani. Bwana Wangila tunamshukuru kwa shada la maua, na ile hatamu aliyompa Khainza jana kwa ajili ya farasi mpya asiitafute, imo kaburini, chini ya shingo ya marehemu.

Pumzika kwa amani, Radi, hakuna atakayekupanda tena.