Maombi Yaliyomfukuza Binti Yangu

Bwana asifiwe, akina mama wa Kibimba! Ah, hapana, hiyo amina ni ya watu ambao hawajanywa uji. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimesikia. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto watano, natoka Mugoma, na wanaonifahamu wanajua Mungu alinipa sauti. Nikiomba nyumbani kwangu, jirani wa ng'ambo ya bonde anaitikia. Nilikuwa najivunia sana jambo hilo. Leo nimekuja kuwaeleza jinsi sauti hiyo ilivyonipotezea mtoto, na jinsi nilivyompata tena. Na kabla hamjaanza kunong'onezana, nimemwomba ruhusa. Aliyoyakataa sitayasema, hata mkinibembeleza.

Binti yangu wa pili alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kushona. Akaniambia ana mimba. Aliniambia mimi peke yangu, akaomba nimpe siku chache apate namna ya kumwambia baba yake. Nikasema sawa, mwanangu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilisema sawa kwa mdomo tu. Ndani nilikuwa nawaka. Mimi, kiongozi wa maombi! Mimi niliyekuwa nikiwaonya wenzangu kuhusu mabinti zao!

Alhamisi iliyofuata maombi ya mtaa yalikuwa kwangu. Mnajua utaratibu wetu, kabla ya kuomba kila mtu anataja hitaji lake. Mmoja akataja mguu unaomuuma, mwingine ng'ombe aliyekataa kula. Zamu yangu ikafika. Nikafumba macho, nikasema, "Wapendwa, nisaidieni kubeba mzigo. Binti yangu ameanguka." Na sikuishia hapo. Nikataja mimba ina miezi mingapi. Nikataja kijana ametoka upande gani. Yote hayo nayasema kwa jina la Yesu. Nilipofumbua macho, mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

Mnadhani nilinyamaza? Nilimwita apige magoti katikati. Wenzangu wakamwekea mikono, tukaomba mpaka jasho likatutoka. Yeye hakulia. Tulipomaliza akamimina chai, kikombe kwa kikombe, akasema karibuni. Baba yake alizipata habari jioni ileile, kwa mtu aliyekutana naye njiani. Kesho yake asubuhi kitanda cha binti kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwenda Nyarubungo, kule Biharamulo, kwa shangazi yake, yaani dada wa mume wangu.

Nikaendelea kuomba. Nikafunga. Nilimwomba Mungu amlainishe moyo huyo mtoto! Nikipiga simu hapokei. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini siku moja akifunga kamba za viatu aliniuliza, "Yule mtoto alikuambia wewe, au aliwaambia mtaa mzima?" Nilimjibu vibaya. Sitasema nilimjibu nini, mchungaji yuko hapa.

Miezi ikapita, wifi yangu akapiga simu. "Wifi, amejifungua. Mtoto wa kike, wote wazima. Lakini anasema usije."

Akina mama, ninyi mnaelewa uzito wa neno hilo. Kwetu Wahangaza binti akijifungua, mama yake ndiye wa kwanza kufika, kikapu kichwani, unga wa uji, maharage na samli. Na mimi naambiwa nisije! Kila niliyekutana naye kisimani ananiuliza, "Umeshapeleka kikapu?" Nasema, naandaa. Niliandaa wiki nzima, unga mpaka ukaingia wadudu machoni pangu. Aibu ilinila. Mwishowe nikajitwika kikapu, nikapanda basi, nikaenda bila kualikwa.

Wifi alinikuta uani. Huyu wifi haendi kanisani mara nyingi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimsema kwa hilo. Kumbe ndiye aliyempa mwanangu godoro lake, yeye akalala mkekani. Akaniuliza, "Umekuja kuhubiri au umekuja kusaidia?" Nikasema, kusaidia.

Nikamwona binti kwenye kizingiti, amempakata mtoto. Mjukuu wangu! Mikono ikapanda yenyewe, mdomo ukafunguka wenyewe, "Ee Bwana Mungu wa majeshi..." Binti akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikabaki na mikono juu, kuku wananitazama. Wifi akasema, "Nepi ziko kwenye beseni."

Nikafua nepi. Siku hiyo nikafua, kesho yake nikafua, nikapika uji, nikaufikisha mlangoni, nikaondoka. Sikuomba kwa sauti hata neno moja, na mnaonijua mnajua hilo lilinigharimu kuliko kufunga. Niliomba kimya, mikono ikiwa kwenye povu. Basi, ndugu zangu, ndipo nikaanza kusikia ninachokiomba. Miezi yote ile nilikuwa namwombea binti msamaha. Wa kwangu sikuwahi kuuomba.

Siku ya nne mlango ukafunguka. "Mama, mshike, nikaoge." Basi. Nikampokea yule mtoto polepole, kama sijawahi kuzaa.

Alipotoka kuoga nikapiga magoti, nikamwambia, "Mwanangu, ulinipa siri yako nikaigeuza hitaji la maombi. Nisamehe." Alininyanyua, lakini hakunirahisishia. Akasema, "Uliyasema mbele ya watu, mama. Samahani ya chumbani hainitoshi."

Njiani nikirudi nilikuwa na hasira, nawaficha nini? Nilisema moyoni, mimi mtu mzima nikajivue nguo mbele ya wale wanawake? Halafu nikakumbuka kuwa yeye nilimvua.

Alhamisi ikafika, zamu yangu ikafika. Nikasimama, macho wazi. "Siku ile sikuwa naomba. Nilikuwa nawasimulia. Nilitaka mnihurumie mimi, na nilimtoa mwanangu ili nihurumiwe. Hitaji langu leo ni msamaha." Kisha bibi mmoja, mzee kuliko sisi wote, akasema, "Na sisi tuliomwekea mikono bila kumuuliza je?" Jumamosi wanawake wanne walijitwika vikapu wakaenda Nyarubungo. Hawakuhubiri. Nimemuuliza wifi mara mbili, amethibitisha!

Binti yangu alirudi nyumbani mtoto wake alipoanza kukaa. Baba yake alimpokea mjukuu, akatembea naye migombani mpaka tukamtafuta. Na hii sare tuliyovaa akina mama wa Mugoma, itazameni, tazameni kola hii. Ni kazi ya binti yangu! Ana cherehani yake, ana wateja mpaka Biharamulo, na simwonei haya mahali popote. Namwonea fahari, nanyi mniache nijigambe kidogo.

Namshukuru wifi yangu, aliyehurumia kabla ya kuuliza maswali. Namshukuru mume wangu kwa maneno yake machache. Nawashukuru wale wanne. Nanyi mabinti mlioketi nyuma, siku mama akikosea, mwambieni kama wangu alivyoniambia. Na sisi akina mama, Mungu hahitaji kutajiwa miezi, anaijua. Mtoto akikupa neno lake, mpelekee Mungu peke yake, mkiwa wawili, mlango umefungwa.

Wiki iliyopita tulikuwa shambani, mimi na yeye. Akaweka jembe chini, akasema, "Mama, nina jambo, naomba libaki kwako." Akanieleza yote.

Jambo gani? Naona mmenyanyua shingo! Rudisheni shingo zenu, akina mama. Nimeambiwa mimi.