Daktari Aliyefungua Kitabu

Pale Rau, mbele ya duka la Ushirika, lipo benchi lenye mguu mmoja wa tofali. Alawi anauza kahawa hapo. Hana mti hata mmoja wa mbuni, lakini wenye mashamba ya kahawa Mwika ndio wateja wake wakubwa. Jioni moja ya mwaka sabini na tano Faustin, mkata miwa, alitufikia akihema kutoka hospitali. Mkewe, Leonia, alichomwa sindano ya homa kwenye zahanati, akavimba uso mpaka macho yakafumba. Sasa yumo wodini, na Faustin anataka kumtoa.

— Kumtoa! Kwa nini? — Alawi akauliza.

— Daktari kafungua kitabu, kaka. Mbele ya mgonjwa! Kasoma, kafunga, kafungua tena.

Kastori, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani tu, akaguna.

— Basi hajui. Mganga hajigangi!

— Methali hiyo umeipeleka siko, Profesa, — Alawi akasema.

— Iache hapo hapo, — Profesa akajibu. Yule wa zahanati je? Hakufungua kitu, hakuuliza kitu, sindano hiyo! Si tulimsifu hapa hapa?

Seleman, jina lake la kijiweni Redio, akadakia:

— Vitabu vile vimeandikwa Ulaya, bwana. Dawa zake za watu wa baridi. Ukimpa mtu wa Rau, anaganda.

— Kuganda ni kidogo, — Profesa akaongeza. Mle mna picha. Anatafuta mgonjwa anayefanana na Leonia. Akikosa, anachukua wa karibu karibu.

— Na wa karibu akiwa ng'ombe? — Alawi akauliza.

— Ndiyo maana kafungua mara mbili!

Faustin akasimama.

— Namtoa. Nampeleka Mwika kwa mzee wa mitishamba.

Hakufika mbali. Mama Tereza, mama mkwe wake, alikuwa anakuja na sufuria mkononi.

— Shikamoo mama. Leonia je?

— Marahaba. Macho yamefunguka. Kamaliza mtori wote, tena ananiuliza mbona ndizi chache.

Faustin akakaa mavumbini akalia kwa furaha, wala hakuona haya.

— Daktari kamwuliza alichomwa sindano gani, — mama akaendelea, — akatazama kitabuni asije akampa nyingine ya ukoo ule ule. Kamwonyesha na ukurasa wenyewe: "Mama, hii usikubali tena maisha yako yote." Sasa niambieni, wanangu. Yule aliyechoma bila kuuliza, mlimsifu kwa lipi?

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Alawi akammiminia Faustin kikombe. Profesa naye akanyoosha chake.

— Imekwisha, — Alawi akasema, birika bado zito mkononi.