Kaburi la Nguo Tupu

Sogeeni, wanangu, na wewe Kok-hui acha kusimama pale mlangoni kama mtu anayengoja kesi yake iitwe. Jana mlinitoa chumbani mkanilaza hapa ukumbini juu ya mbao, mbele ya vibao vya majina ya mababu, na hakuna aliyenieleza sababu. Hamkuwa na haja ya kunieleza. Mbao hizi nilizipanga mwenyewe bibi yenu alipoletwa akiwa bado anapumua, nikazipanga tena kwa baba yenu mdogo, Bun-tek, na sijamwona aliyelazwa hapa akarudi chumbani kutafuta viatu vyake. Basi nisikilizeni, maana pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja, na mkinikatiza sina nyingine.

Nyumba hii ni ya Kok-hui. Shamba la mtama lililo nyuma ya handaki la zamani ni la Bik-ha, na asitokee mzee wa ukoo kusema kwamba binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagika, kwa sababu maji hayo yaliyomwagika ndiyo yaliyoniosha mgongo miaka yote hii. Kisu cha jikoni ni cha Bik-ha pia. Mnajua chuma chake kilitoka kwenye kombora la ng'ambo. Kinoeni, msikiweke kabatini kama pambo. Na ile safu ya mawe ya kufugia chaza upande wa magharibi, ambako maji hupwa mapema, ni ya Chhun-beng.

Nimekusikia, Kok-hui, ulivyovuta pumzi. Ndiyo, Chhun-beng, mtoto wa baba yenu aliyezaliwa ng'ambo, Xiamen. Kesho anakuja na boti, amepakata mtungi wenye mifupa ya baba yenu, na wewe umekwisha kwenda kwa wazee ukawaambia mtungi huo usipite mlangoni, kwa kuwa mtu hazikwi mara mbili na baba yenu ana kaburi lake hapa tangu zamani. Wazee wamekujibu kwamba watafuata neno la mtoto wa kwanza. Niliyasikia yote, masikio ndiyo kitu cha mwisho kuharibika. Hilo ndilo linalonizuia kufa, wala si uji wa viazi mnaonilazimisha kuumeza.

Baba yenu Bun-hoa aliondoka asubuhi na vikapu vya chaza, kama walivyofanya wanaume wote wa kijiji hiki, kwenda kuuza Xiamen na kurudi na chakula cha jioni. Mimi nilikuwa na Kok-hui mgongoni na Bik-ha tumboni. Nilimwambia alete mafuta ya taa. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mume wangu, mafuta ya taa, na ningejua ningesema jambo jingine, ingawa sijui lipi. Siku hizohizo wakomunisti waliuteka mji ule, jeshi lililoshindwa likakimbilia kwetu Kinmen, na mkondo wa maji ambao nilipokuwa msichana tulivuka kwenda kununua uzi ukawa mpaka wa dunia mbili. Wanajeshi wakang'oa milango yetu kujengea mahandaki. Wakang'oa hata mawe ya makaburi. Afisa akatuambia tusihuzunike, mwaka kesho watarudi bara kwa ushindi na kila nyumba italetewa mlango mpya. Mwaka kesho. Nyumba hii ilikaa na gunia mlangoni mpaka Kok-hui akaota ndevu.

Msidhani waliokuwa wakipigana ni sisi na ndugu zetu wa ng'ambo tu. Nyuma ya hawa wa kwetu alisimama Mmarekani, nyuma ya wale alisimama Mrusi, na wakubwa hao wawili hawakurushiana hata jiwe. Waligawa silaha kisha wakaketi mbali kutazama. Mshauri mmoja wa Kimarekani, mrefu mpaka akainama kupita pale, alikaa kwenye kigoda hiki akanywa chai yangu, akasema kwa mkalimani kwamba nchi yake haitatuacha kamwe. Bibi yenu akamuuliza kama nchi yake inaweza kumleta mwanawe kutoka ng'ambo hii inayoonekana kwa macho. Mkalimani hakulitafsiri swali hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo husemwa, lakini mgeni huyu alikuja akanywa akaondoka, na mwenyeji akabaki na homa yake.

Ndipo kikaja kile kiangazi cha mizinga, mnachokikumbuka wote wawili kwa kuwa tuliishi chini ya ardhi kama fuko. Baada ya hapo wakubwa wakasemezana huko waliko, na ng'ambo wakatangaza kwamba watatupiga siku za witiri tu, tarehe moja, tatu, tano, na siku za shufwa watatuachia tuteke maji na kuzika. Mliona wapi vita vyenye ratiba? Nasi tukaizoea. Ulipoolewa, Bik-ha, mpiga ramli alisema siku yako njema ni tarehe saba. Nikamwambia nyota zake zikapatane na mizinga kwanza, ukaolewa tarehe nane, na mama mkwe wako akaninunia hadi kufa kwake kwamba nilikutoa siku yenye mkosi. Kisha makombora ya baruti yakageuzwa ya karatasi. Watu wakalegea, wakasema karatasi haiui. Bibi yenu akatoka uani siku ya witiri kuanua viazi, na chuma kilichobeba karatasi kikamkata paja. Karatasi zenyewe zilitapakaa mpaka kwenye beseni la viazi, zimeandikwa: ndugu zetu wapendwa, hatuwasahau.

Lakini lile ninalotaka mlijue lilitokea kabla ya hapo. Kok-hui ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Jioni moja tulikuwa tukimenya chaza, vipaza sauti vya ng'ambo vikaanza kelele zake za kila siku, mara nikasikia jina langu. "Siok-khim, mke wangu, ni mimi Bun-hoa. Niko salama. Nimekula, nimeshiba. Waambie askari walio kwenu waweke silaha chini." Kijiji kizima kilisikia. Bibi yenu aliacha kisu kikaanguka.

Wewe uliniuliza kama ni baba. Baba yenu mdogo akajibu kabla yangu, akasema ni hila ya adui, wamemfundisha mtu kuigiza. Nawe uliamini, nami nikakuacha uamini. Sasa nakwambia ilikuwa sauti yake. Nilijuaje? Kabla ya kusema "nimekula, nimeshiba" alikohoa. Kikohozi kifupi, kama mtu aliyemeza unyoya. Baba yenu hakuwahi kusema uongo bila kukohoa vile. Akitoka kucheza kamari, nikamuuliza ametoka wapi, alikohoa kwanza, kisha akasema kwa mjomba. Kwa hiyo mbele ya kijiji na majeshi mawili ni mimi na mama yake tu tuliojua kwamba mtu yule ana njaa.

Kulipokucha wakanijia watu wa usalama. Mke wa sauti ya adui ni nani kama si adui? Sitawaeleza walichoniuliza wala walivyoniuliza. Bun-tek alikwenda kwao akaapa kwamba kaka yake alikufa maji tangu mwaka ule, akapiga na muhuri wa ukoo. Wakamwambia kama amekufa mbona hajazikwa. Basi tukamzika. Mlivaa magunia ya msiba, mnakumbuka. Kuhani akaiita roho ufukweni ije iingie kwenye koti lake la bluu, tukalilaza koti ndani ya jeneza, na kule majini, tukiwa bado tunatembea na jeneza, sauti ileile ikawa inaniita jina langu. Nililia vizuri. Afisa alinisifu.

Na kwa kuwa mama mzazi hulipiga fimbo jeneza la mwana aliyetangulia kufa, kumwadhibu kwa utovu huo wa adabu, wakampa bibi yenu fimbo. Alijua kama nilivyojua mimi. Akaligonga jeneza taratibu, mara tatu, kama mtu anayebisha hodi, akasema, "Toka huko, mwanangu, hii si nyumba yako." Wakadhani ni uchungu wa mzee.

Bun-tek aliniokoa na jela, najua. Pia alimzika kaka yake hai, akalima shamba lake miaka ishirini. Sikuwahi kumsamehe. Mchomeeni ubani kama wengine, lakini mimi msinilaze upande wake.

Nipe maji, Bik-ha. Kidogo. Lowesha tu mdomo.

Vita vyenyewe viliishaje? Hakukuwa na aliyeshinda. Siku ya mwaka mpya redio ilisema Mmarekani amefanya urafiki na Beijing, na siku hiyohiyo mizinga ya ng'ambo ikanyamaza. Ndiye yule aliyekunywa chai yangu na kuapa kwamba hatatuacha kamwe. Waliandikiana, wakapeana mikono, wakaketi mezani, na sisi tuliokuwa chambo hatukuambiwa hata kwamba uvuvi umekwisha. Nilitoka uani nikasimama tu. Ilikuwa siku ya witiri, tarehe moja, na kimya kile kilinitisha kuliko mlio. Nikasema basi atakuja sasa. Hakuja. Wakubwa walikuwa wamepatana, lakini mkondo haukufunguliwa kwa watu kama sisi mpaka mimi nimekuwa bibi kizee na yeye amekwisha kufa miaka mingi.

Boti zilipoanza nilivuka mara moja. Mlinikasirikia. Unavuka kwa muda ambao wali unaiva, Kok-hui, wali tu. Nikafika nyumbani kwa yule mwanamke, Gim-hua, mama yake Chhun-beng. Sikwenda kwa wema. Alinifungulia mwenyewe, mfupi, goti moja bovu, akanitazama kuanzia viatu. Akaniuliza, "Dada mkubwa, umekuja kumdai au kumlilia?" Nikamjibu nimekuja kumwona aliyemfundisha kuosha masikio, maana mimi nilishindwa. Akasema naye alishindwa. Tukakaa.

Nikamuuliza kama alijua baba yenu ana mke. Akasema alipoolewa aliambiwa na viongozi wa mtaa kwamba mke wa kisiwani ameolewa na askari, na kwamba mwaka kesho kisiwa kitakombolewa na mambo yote yatawekwa sawa. Mwaka kesho, ahadi ileile, imepakiwa kwenye boti nyingine. Alipigwa sana baba yenu, kwa kuwa na watu upande wa adui. Siku ile ya kipaza sauti walimwahidi bakuli la wali akimaliza kusema. Nikamuuliza kama alipewa. Akasema alipewa, akalileta nyumbani limefunikwa, hakuweza kulila, wakampa Chhun-beng aliyekuwa mtoto. Na miaka yote ya mizinga, siku za witiri, baba yenu hakutia kitu kinywani mpaka jua lizame. Majirani walidhani ana tumbo baya.

Nilirudi na boti ya jioni.

Kok-hui, nakujua. Ulipewa bunduki ungali mvulana, ukawekwa ufukweni usiku kulenga alikokuwa baba yako, ukifundishwa kwamba baba yako yuko kaburini kilimani. Juzi umesema, "Baba yangu alikufa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Huyu wa mtungini simjui." Si kosa lako. Ndivyo walivyotukata, wakatuachia kazi ya kulinda jeraha lisifunge. Lakini wao wamekwisha kwenda zao. Mrusi alikwenda, Mmarekani alikwenda, afisa wa milango alikufa Taipei kwa uzee bila kuuvuka tena mkondo. Amebaki nani anayelinda mpaka? Wewe, mlangoni pangu, dhidi ya mtu aliyebeba mtungi.

Basi fanyeni hivi. Asubuhi lifunguliwe kaburi la nguo. Kama koti limebaki hata uzi, lichomwe. Mtungi uwekwe palepale. Mtu hazikwi mara mbili, ni kweli. Huyu hajazikwa hata mara moja. Chhun-beng aingie kwa mlango wa mbele, si wa jikoni, na ashike kamba ya jeneza langu pamoja nanyi. Mimi nilazwe kulia kwa baba yenu. Kushoto... acheni nafasi. Gim-hua ana goti bovu, hatakawia. Sitaki kumpenda. Nataka alale kando ya mume aliyeahidiwa, awepo mmoja katika sisi aliyepewa alichoahidiwa.

Sasa niambie, Kok-hui. Hapana, usitikise kichwa, sema. Wala usiniambie kesho. Nimelishwa kesho miaka hamsini na mitano na sijashiba.

Amesema ndiyo. Bik-ha, umemsikia. Na ninyi mliomo kwenye vibao, mmemsikia.

Njooni niwashike vichwa. Mzae... mmekwisha kuzaa. Basi wajukuu wazae. Chaza wawe wanene. Asiwakalie mtu mkubwa mezani akawaahidi. Mlango huu... usikose ubao.

Mmeniuliza asubuhi kama nimewasamehe. Wakubwa wale, na Bun-tek, na baba yenu. Mtu hafi na kinyongo, ndivyo mlivyosema. Haya.

Ehm.

Nimewasamehe wote. Nimekula, nimeshiba.

Mmesikia nilivyokohoa. Fungueni mlango.