Mama Pindo na Majoho Ishirini na Manne

Wapendwa waombolezaji, historia hii imeandikwa na familia, isipokuwa habari za majoho, ambazo zimetoka kwenye karatasi aliyoiandika marehemu kwa mkono wake akiwa wodini, akamkabidhi mwanawe wa kwanza, ndiye msomaji, akamwapisha asiruke hata mstari mmoja.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tano wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1966 hadi 1972, kisha chuo cha ushonaji mwaka 1975, akashona sare kiwandani tangu 1977 hadi 1991 alipofungua karakana yake ya vyerehani vinne. Alikuwa mkali wa mapindo kupita kiasi, hata mgeni aliyekuja kusalimia tu, akionekana na uzi unaning'inia, hakupewa kiti kabla ya sindano. Tarehe 8 Novemba 1980 alifunga ndoa na dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu, mumewe akamtangulia mwaka 2006, na mwaka 2009 akamkaribisha karakanani wifi yake, naye mjane, wakawa chanda na pete.

Desemba 2011 kanisa liliwapa kazi ya kushona majoho ishirini na manne ya kwaya, yavaliwe Krismasi. Tepu ya kupimia ya marehemu ilikuwa imechakaa ncha, akaikata, hivyo ilianzia kwenye alama ya inchi mbili, naye kwa mazoea alikuwa akiongeza inchi mbili kichwani kila alipopima kitambaa. Siku ya kukata, tepu ya wifi yake haikuonekana, marehemu akamwachia ya kwake, akaenda zake mazoezi ya kwaya, akasahau kumwambia. Majoho yote yakabana, hakuna lililofungika kifuani, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Jumapili ya tarehe 18 Desemba, mzee wa kanisa alipouliza mbele ya kusanyiko zima kulikoni, marehemu alisimama akasema, "Wifi yangu hakupima vizuri." Alipoketi ndipo alipoikumbuka tepu, lakini hakusimama tena kusahihisha. Wifi yake alitoka, hakurudi karakanani, na kanisani akahamia ibada ya alfajiri.

Tangu siku hiyo marehemu aliishi kwa hofu. Kila Krismasi alifagia kanisa peke yake, akafua mashuka ya wagonjwa, akaosha vyombo vya watu aliowazidi umri, na mchungaji alipomtaja madhabahuni kuwa mfano wa unyenyekevu, alitoka nje kabla ya ibada kwisha. Kila mwaka alifika hadi kona ya mtaa wa wifi yake, akarudi. Ameandika hivi: "Nilijishusha kwa watu wote kwa sababu nilimwogopa mmoja."

Tarehe 23 Desemba 2023, baada ya daktari kumwambia moyo umepanuka, aliogopa kufa kuliko alivyouogopa mlango ule, akabisha hodi, akapiga magoti kizingitini, akasema yote. Wifi yake alimjibu, "Inuka, wifi, utaumia magoti hayo. Mimi nilijua sikukosea. Kawaambie waliokusikia." Kisha akamtilia chai, wakanywa.

Jumapili ya tarehe 7 Januari 2024 alivaa, akafika mlangoni mwa kanisa, akaona mabenchi yamejaa, akageuka. Wiki moja baadaye alilazwa, akawa anamuuliza kila muuguzi kama atapata Jumapili moja tu, hakuipata, akafariki Ijumaa ya tarehe 9 Februari saa nne asubuhi, akiogopa kwamba wanawe wataona aibu wailaze karatasi hii kaburini pamoja naye. Hakuogopa bure, kwani katika kikao cha familia wapo waliotaka sehemu hii irukwe, na msomaji alikuwa mmoja wao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioacha kazi zao na kuja kukaa nasi, mafundi wenzake waliomshonea vazi la mwisho, na kwaya. Kwa mliokuwapo tarehe 18 Desemba 2011, na kwa wote mliosimuliwa baadaye, marehemu anasema: wifi yangu alipima sawasawa, kosa lilikuwa langu, nalo nililijua nikiwa bado nimeketi hapa kati yenu. Wifi yake yuko benchi la nne, upande wa dirisha, hatumwombi aseme chochote.

Mama, tumesoma yote. Usiogope tena, pumzika kwa amani.