Mama Kaisari na Mateka wa Kilo Mbili

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya mizani anatimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi, na jioni hii hii anastaafu. Wengi mnaomfahamu kama Mama Kaisari huenda hamjui kwamba ana jina jingine. Hata kadi ya sherehe hii, iliyoandikwa jina lake kamili, ilirudishwa getini mara ya kwanza. Mlinzi alisema mtu huyo hayupo hapa, labda alishahama.

Kamati iliniomba mimi, mpokeaji wa dirishani, niandike wasifu huu. Nilidhani wamenichagua kwa ufasaha wangu, nikatembea kifua mbele siku mbili nzima. Baadaye nikaambiwa ukweli: mimi ndiye niliyekaa naye chumba kimoja kwa muda mrefu kuliko wote, na wale wanaojua kuandika walikuwa na kazi. Namshukuru Mungu hata hivyo, na naomba radhi mapema kwa koma zitakazokuwa zimekaa pasipo pake.

Mama Kaisari aliingia hapa akiwa binti mwembamba wa kusafisha sahani za mizani. Mafundi wa wakati ule walimwambia asiguse kitu kingine chochote. Alitii, ila hakuna aliyemkataza kutazama. Mafundi wenyewe walipokuja kushtuka, binti wa sahani alikuwa anasikia mizani inayoburuta, inayosita kupanda na kushuka, kabla hata ya kuwekewa jiwe la kupimia. Akapewa bisibisi, kisha meza, kisha muhuri wake mwenyewe, na hatimaye ukuu wa mafundi, cheo ambacho anasema kilimwongezea vikao tu.

Yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa mteja kuingia ndani na kuona mizani yake ikipimwa. Zamani wateja walisubiri nje ya dirisha langu, wakiniangalia kama wanamwangalia mwizi aliyesahau kukimbia. Yeye pia ndiye aliyetengeneza mizani ya kliniki ya watoto wachanga, iliyokuwa imeharibika kwa namna ya kupendeza: iliwanenepesha watoto wa mji mzima. Alipoirekebisha, mama mmoja alimfuata hadi hapa akiwa amembeba mwanawe. "Wiki iliyopita mtoto alikuwa na afya," akamwambia, "wewe umeshika bisibisi yako umenikondeshea." Mama Kaisari alimkalisha, akampa chai, akampima mtoto tena mbele yake. Waliachana wakiitana shoga.

Sasa nije kwenye hili la Kaisari, maana najua ndilo mnalosubiri.

Mjomba wake, aliyekuwa mpishi melini, alimwachia kitu cha duara alichoamini ni kifungo cha koti. Mama Kaisari, kama ilivyo kwa mafundi wa mizani, kitu asichokijua hukipima kwanza. Alipokipima akakitazama vizuri, akaona kichwa cha mtu na herufi za Kilatini. Ilikuwa sarafu ya Kirumi. Tangu hapo ugonjwa ukamwingia, na sisi tukaugua pamoja naye.

Hakusanyi sarafu zote za Kirumi. Anataka zile tu walizozigonga baada ya kuteka nchi za watu. Inaonekana Warumi walikuwa na tabia hiyo: wakishinda vita, badala ya kumshukuru Mungu na kwenda kulala, walitengeneza sarafu ili hata muuza mboga wa sokoni ajue nani kapigwa. Upande mmoja wanamweka Kaisari, pua juu. Upande wa pili wanaweka nchi iliyotekwa. Ipo ya mwanamke aliyeketi chini akilia, silaha za ndugu zake zimetundikwa pembeni kama nguo za mnada. Ipo ya mtu aliyepiga magoti akinyoosha bendera kuirudisha. Ipo ya Misri, ambayo ni mamba peke yake. Hiyo anayo kwenye picha tu, na tumeshamzoea akiitazama ile picha kama mtu anayetazama kiwanja asichoweza kununua.

Niliwahi kumuuliza kwa nini mcha Mungu kama yeye anapenda mambo ya majeshi. Akaniambia, "Mwenzangu, Kaisari wote wanafanana. Mimi ninayemtafuta ni huyu aliyekaa chini. Hakuna aliyemuuliza jina." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilielewa miaka kadhaa baadaye, nikiwa nakata vitunguu.

Msidhani alikuwa bingwa tangu siku ya kwanza. Sarafu yake ya pili, aliyoiagiza kwa mbwembwe na kutuita wote tuishuhudie, ilikuwa na mshono pembeni kama beseni la plastiki. Ya tatu ilitoa rangi alipoiosha. Nyumbani huziweka kwenye droo ya kabati la vyombo. Mume wake, dereva mstaafu na mtu wa subira kubwa, hulalamika kwamba kila akitafuta kijiko anashika mfalme. Siku moja alikoroga chai huku akieleza jambo, akaja kugundua anakoroga kwa mpini wa kioo cha kukuzia.

Ile iliyomgusa moyo zaidi ilikuwa sarafu ndogo ya fedha ya Kaisari Trajani, aliyeteka nchi iliyoitwa Dakia. Nyuma yake yuko mateka wa Dakia, ameketi juu ya rundo la silaha, ameinamisha kichwa na kukishika kwa mkono. Mama Kaisari aliileta kazini imefungwa kwenye kitambaa, akanikabidhi nitoe maoni. Nilivaa miwani. Nikaitazama kwa makini ya mtu aliyeheshimiwa. Nikasema, "Huyu jino linamsumbua." Karakana nzima ilicheka, na yeye alicheka kuliko wote, na tangu siku hiyo sarafu ile ikaitwa Mwenye Jino. Historia ya Roma imesomwa na watu wengi, lakini mchango wangu ndio huo.

Mwenye Jino hakukaa naye sana.

Niwaeleze kidogo kazi yetu, kwa wageni. Jiwe la mizani la chuma huwa na tundu chini yake. Jiwe likilika kwa kutumika na kuwa jepesi, fundi hutia kwenye tundu vipande vidogo vya risasi, yale madini laini ya kijivu, mpaka uzito ukae sawa. Kisha huziba tundu na kugonga muhuri wake juu. Na hapa kwetu kuna sheria moja ambayo hata meneja haigusi: muhuri ukishagongwa hauvunjwi, ila jiwe likipatikana na kosa, au likiondolewa kazini moja kwa moja.

Siku hiyo, wakati wa mapumziko ya mchana, Mama Kaisari alikuwa akimpima Mwenye Jino kwenye mizani yetu ya vitu vidogo, kwa raha tu. Mara akaingia muuza misumari wa duka la vifaa vya ujenzi, ana haraka, ana jiwe la kilo mbili lililopungua. Mama Kaisari akaitua sarafu kwenye kifuniko cha kopo, akasogeza miwani juu ya kichwa, akaanza kazi. Kwenye kifuniko kile ndimo tunamoweka vipande vya risasi. Akachota kidogo, akatia, akapima. Jiwe likakaa sawa mara ya kwanza. Akatugeukia wote, akasema, "Tazameni mkono wa fundi. Nimelenga bila kurudia." Akaziba, akagonga muhuri wake kwa mbwembwe, na muuza misumari akaondoka.

Baada ya hapo tulianza kumtafuta Mwenye Jino. Tulimwaga pipa la taka. Tulikunjua mifuko yetu. Mimi nilichungulia hata ndani ya chupa ya chai, kana kwamba alikuwa na kiu. Ilipofika jioni mchomeleaji wetu, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza taratibu: "Dada, mchana ulisema umelenga bila kurudia. Ulilenga na nini?"

Mama Kaisari alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akakaa kwenye kiti, akainamisha kichwa na kukishika kwa mkono. Alifanana naye kabisa. Nilitaka kumwambia, nikamwomba Mungu anizuie mdomo, na kwa mara moja katika maisha yangu akanizuia.

Tulimshauri amfuate muuza misumari, avunje muhuri, atoe kilicho chake, azibe tena. Alikataa. "Muhuri ni wangu," alisema. "Nikiuvunja kwa shida zangu, kesho nitamkataza nani?" Kwa hiyo likabaki tumaini moja, nalo lilikuwa la aibu kwa fundi: jiwe lipatikane na kosa.

Kila mwaka jiwe lile huletwa kukaguliwa pamoja na mengine. Kila mwaka Mama Kaisari hunawa mikono, huliweka kwenye mizani, na sisi husimama nyuma yake. Na kila mwaka husema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, "Liko sawa." Muuza misumari hufurahi kupita kiasi. "Mama, mkono wako una baraka," humwambia, na Mama Kaisari humshukuru, macho yakiwa kwenye jiwe. Mchomeleaji aliwahi kujitolea kulidondosha sakafuni kwa bahati mbaya. Alifukuzwa chumbani. Mwaka mmoja mimi mwenyewe niliomba dua jiwe lipungue japo kidogo. Sijui kama dua ya namna hiyo inaruhusiwa, lakini majibu yalikuja wazi: lilikuwa sawa kuliko mwaka uliotangulia.

Hivyo ndivyo fundi bora tuliyewahi kuwa naye alivyomfunga mateka wake kwa ubora wa kazi yake mwenyewe. Angekuwa fundi mbovu, kama ambavyo ningekuwa mimi, angempata ndani ya miezi sita.

Mama, kuanzia hapa naacha kuwaeleza wenzetu, naongea na wewe.

Ulipotangaza unastaafu, ulisema jambo moja tu la masikitiko: kwamba unaondoka na Mwenye Jino bado yuko ndani. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Na nasema kwa unyenyekevu kwamba imetuchukua miaka yote hii, watu wazima wenye akili timamu, kufikiri kwamba jiwe lenyewe linaweza kubadilishwa. Aliyelifikiri ni mfagizi. Alidhani sote tunajua.

Tulikwenda kwa muuza misumari, mimi na mchomeleaji, na jiwe jipya la kubadilishana. Alikataa katakata. "Hilo ndilo jiwe pekee dukani lisilonigombanisha na wateja," alisema. "Mtu akianza kelele namletea hilo, ananyamaza." Tukamsimulia habari yote. Alisikiliza, akalinyanyua jiwe, akalitikisa sikioni, akaliweka chini. Kisha akatoa sharti: jiwe jipya lipimwe na kugongwa muhuri na wewe, si mwingine.

Utakumbuka Jumanne ulipewa jiwe la kilo mbili, ukaniuliza ni la nani, nikakuambia ni la mteja. Mungu shahidi yangu, sikusema uongo. Lilikuwa jepesi kidogo, ukachota vipande, ukatia. Safari hii ulivaa miwani, na uliviangalia kimoja kimoja. Jiwe hilo liko dukani sasa, linawanyamazisha watu.

Kile kifurushi kizito kilicho mezani mbele yako, ambacho mume wako amekuwa akikitazama akitumaini ni redio, ni jiwe la zamani. Muhuri wako haujaguswa. Nalo leo limeondolewa kazini moja kwa moja, limestaafu pamoja na wewe, kwa hiyo sheria inaruhusu. Patasi na nyundo viko chini ya kitambaa. Ukitaka, livunje hapa mbele yetu. Ukitaka, kalivunjie nyumbani, peke yako na huyo aliyekaa chini.

Lazima nikuambie ukweli, kwa kuwa mchomeleaji ana wasiwasi: hatuna uhakika kama yumo. Huenda alifagiliwa siku ile ile, na sisi tumesimama nyuma ya chuma kitupu mwaka baada ya mwaka. Kama hayumo, cheka, Mama, nasi tutakufuata, na mlango wa jikoni kwenu utakuwa umepata kitu cha kuuzuia usigonge. Kama yumo, mwambie mpokeaji wa dirishani anamsalimu na anamwombea nafuu ya jino.

Asante kwa kila jiwe uliloliweka sawa na kwa kila fundi uliyemvumilia, na kwa chai. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulinde na huyo dereva wako, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na nyepesi. Nenda salama, na miwani ibaki machoni.