Bi Naomba na Fundi Aliyengoja Kuombwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuta kiti, punguza moto jikoni. Na kama uko kazini, mwambie bosi wako kwamba unasikiliza mambo ya elimu. Hutakuwa umedanganya.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeishi kwa kazi ya kuomba. Ndiyo, kuomba. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa katika ofisi ya wahisani ya chuo kikuu, na miaka kumi na tisa kati ya hiyo aliiongoza. Ni ofisi inayotafuta watu wenye moyo wa kutoa, ili chuo kipate maabara, vitabu na ada za wasiojiweza. Wenzake walimpa jina la Bi Naomba. Basi akalipenda! Akikupigia simu alianza hivi: "Ni mimi, Bi Naomba, na unajua ninachotaka." Watu walicheka, na walipomaliza kucheka walikuwa wameshakubali.

Bi Naomba amefariki Jumamosi iliyopita. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Bi Naomba, mkuu wa zamani wa ofisi ya wahisani ya chuo kikuu. Ameacha binti mmoja, daktari wa mifugo, anayefanya kazi mbali na nyumbani. Mengi nitakayosema nimeyapata kwake.

Alianza pale chuoni kama mpiga chapa. Ofisi yenyewe ilikuwa ya chini, ukuta mmoja na chumba cha fotokopi, na dirisha lake lilitazama maegesho ya baiskeli. Mvua ikinyesha walisogeza makabati. Bosi wake wa kwanza alikuwa mtu wa tai na hoteli, kila mfanyabiashara anampeleka chakula cha mchana, na wengi walikula wakashiba wakaenda zao. Bi Naomba aliyaona yote hayo akiwa kwenye mashine yake ya chapa. Siku alipopewa kiti, akavaa viatu vya chini na kuanza kutembea nyumba hadi nyumba.

Alikuwa na utaratibu wake, na wote waliopita mikononi mwake wanaujua. Safari tatu. Ya kwanza unakwenda kusikiliza, huombi hata maji. Ya pili unamleta mtu chuoni ajionee kwa macho yake. Ya tatu unaomba. Unaomba kitu kimoja, unakitaja, halafu unafunga mdomo.

"Ukishaomba, nyamaza," aliwaambia vijana wa ofisi. "Ukianza kujiumauma, utakuwa umejikatalia mwenyewe kwa niaba yake."

Kijana aliyerithi kiti chake ameniambia alimwona akinyamaza mbele ya mwenye viwanda mpaka chai ikapoa vikombeni. Kijana mwenyewe jasho lilikuwa linamtoka. Mwenye viwanda akatoa maabara ya kemia.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nataka niseme jambo moja ambalo haliwekwi kwenye hotuba za kuaga. Nilimuuliza binti yake kama ninaruhusiwa. Akanijibu, "Liseme. Mama mwenyewe alimwambia kila mtu aliyeajiriwa pale." Ni kosa lake kubwa. Na ni kosa la mapenzi, ndiyo maana liliuma.

Mtaa wa nyuma ya soko kulikuwa na fundi cherehani mstaafu. Suti, makoti, sare za wauguzi, zote zilipita kwenye cherehani yake. Mke wake alikuwa akipanga barua posta mchana, na alipofika miaka arobaini na sita akajiandikisha chuo kikuu, masomo ya jioni. Arobaini na sita, jamani! Akitoka kazini alikuwa na saa mbili kabla ya kipindi kuanza, na hakuwa na mahali pa kukaa. Maktaba imejaa, kantini imefungwa. Basi alisomea kwenye ngazi. Mwaka wa tatu akaugua, akafariki kabla ya kumaliza. Fundi akabaki peke yake. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa na nyumba mbili za kupangisha na muda mwingi.

Bi Naomba akasikia habari zake, akaenda. Safari ya kwanza, kusikiliza. Mzee aliongea saa nzima na nusu juu ya mke wake.

"Zile ngazi zenu zilikula sketi nne," alisema. "Zinachakaa nyuma. Nilikuwa natia kiraka kwa ndani, asione mtu."

Safari ya pili, akamleta chuoni. Walipofika chini ya zile ngazi, kwenye uwazi uliokuwa umejaa madawati mabovu, mzee akatoa futi mfukoni. Akapima ukuta. Akapima kimo. Akaandika kwenye daftari lake. Bi Naomba akamtania: "Baba, unataka kulishonea suti jengo letu?" Mzee akacheka. "Tutaona, mwanangu, tutaona."

Safari ya tatu ndiyo ya kuomba. Bi Naomba akaenda, maneno yake ameyapanga vizuri. Mzee alikuwa ametandika kitambaa mezani, amenunua mkate, amenyoa ndevu. Akafungua mlango akasema, "Karibu, binti yangu."

Sasa nieleze kitu kimoja. Bi Naomba hakumjua baba yake. Baba huyo alifariki mama akiwa bado na mimba yake. Katika maisha yake yote hakuna mwanamume aliyewahi kumfungulia mlango akamwita binti yangu. Yale maneno yalimwingia. Akanywa chai, akala mkate, akacheka, akaaga. Hakuomba.

Akarudi wiki iliyofuata. Hakuomba. Na iliyofuata. Ikawa kila Alhamisi, kwa miaka mitatu. Ofisini, kwenye faili la mzee, alikuwa anaandika neno moja tu: bado.

"Mimi nilimwita babu," binti yake ameniambia. "Alinirekebishia sare zangu zote za shule. Na mama, Alhamisi asubuhi alikuwa anaimba bafuni. Siku nyingine haimbi."

Kwa nini hakuomba? Aliogopa. Alimwambia binti yake waziwazi: siku nikimwomba, mzee atadhani nilikuja kwa ajili ya nyumba zake. Ataziangalia Alhamisi zote upya na kuona nilikuwa kazini. Nitapoteza baba.

Na mzee, masikini, alikuwa anamfungulia njia kila mara. Kila Alhamisi, wakati wa kikombe cha pili, anauliza: "Na huko chuoni, hamna shida yoyote?" Na Bi Naomba, mwanamke aliyeweza kumwomba hakimu kanzu yake, anajibu: "Hatuna shida, baba. Tunajitosheleza." Wanajitosheleza! Na ofisi inavuja!

Fundi akafariki, akiwa ameugua siku nne tu. Baada ya maziko, dada yake mzee, mama mmoja wa maneno makavu, akamwita Bi Naomba chumbani. Akamkalisha kitandani, akafungua lile daftari la vipimo. Kulikuwa na kurasa za wateja, kifua, kiuno, mabega, kila mtu na ukurasa wake. Kisha ukurasa mmoja umeandikwa juu: Chumba cha mke wangu. Chini yake urefu, upana, kimo. Madirisha mawili. Taa nne. Na mstari wa mwisho: viti visivyochakaza sketi.

"Kaka alikuwa anakungoja," yule dada akasema.

"Ananingoja nini, shangazi?"

"Umwombe! Miaka mitatu anangoja. Nilimwambia, mpe tu huyo mtoto, ya nini kuzungushana? Akaniambia, fundi hamkimbilii mtu barabarani na futi. Anayetaka nguo anakuja anasema. Na tena aliogopa. Alisema, nikitangulia mimi kumpa, atadhani namlipa ili aje kunitazama. Ataacha kuja."

Wasikilizaji wapendwa, watu wawili, kikombe kimoja kimoja cha chai, na hofu ileile moja katikati yao. Mimi nilipoambiwa haya nilizima kinasa sauti kwanza.

Mzee hakuandika wosia. Nyumba zikaenda kwa wapwa, wakaziuza mwaka haujaisha. Bi Naomba akabaki na daftari, kwa sababu yule dada alimwachia. "Sisi vipimo vya watu vitatusaidia nini?" alisema.

Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo. Akataka chumba chini ya ngazi, kwa vipimo vile, na jina la mke wa fundi mlangoni. Mkuu wa chuo akamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Hapa jina ni la mtoaji. Wewe ndiye uliyeniandikia kanuni hiyo. Huyu mzee alitoa nini?"

"Hakuombwa," akajibu Bi Naomba.

"Basi hakutoa."

"Hakuombwa, mkuu. Kosa ni langu. Chumba nitakitafuta mimi."

Na akakitafuta. Zile kurasa za wateja alizigeuza kuwa orodha ya safari. Utaratibu wa safari tatu akautupa kapuni. Alikuwa anabisha hodi na kuomba palepale kizingitini, hata kiti hajapewa. "Koti lako la kazi alilishona fundi fulani. Mke wake alisomea kwenye ngazi. Naomba dirisha." Muuguzi mkuu mstaafu akatoa dirisha. Kondakta wa zamani akaja na mikebe miwili ya rangi, amepanda nayo baiskeli. Wengine walimfukuza. Mmoja alisema suti ile ilimbana mabegani mpaka leo hajasamehe. Bi Naomba akamjibu, "Basi nipe mlango, tuyamalize." Akapewa.

Ilimchukua miaka sita. Narudia, miaka sita, kwa chumba kimoja. Mwishoni akarudi kwa mkuu wa chuo, akaomba jina. Akalitaja, akanyamaza. Mkuu akakuna kichwa, akapanga karatasi, akatazama saa. Unajua mwenyewe nani alishinda.

Siku ya kufunguliwa, wanafunzi wa jioni waliingia na mikoba yao, watu wazima waliotoka kazini, wakakaa kwenye viti vya mito. Mama mmoja akavua viatu na kupumua kwa nguvu. Bi Naomba alibaki nje. Binti yake akamfuata.

"Mama, umefanikiwa. Mbona unalia?"

"Chumba kipo," akasema. "Nimemkumbuka mwenyewe. Ningempa mtu chochote nirudishiwe Alhamisi moja tu, nimwombe, nimwone atakavyojidai."

Alistaafu miaka miwili baadaye. Ofisi yake ikawa ya kuigwa, naye akafundisha viongozi wa ofisi za wahisani katika vyuo vinne. Lakini hamu ile haikumtoka. Binti yake anasema hata alipokuwa na nguo za nyumbani, Alhamisi mchana alikuwa anavaa viatu vya kutokea, anafika mlangoni, anasimama. Kisha anavivua.

Halafu yakaja maradhi. Binti yuko mbali, anatibu ng'ombe wake, na kila Jumapili mama anasema lilelile kwenye simu: niko salama, mwanangu, usijisumbue, kazi yako ni muhimu. Binti naye anaona haya kuja bila kuitwa, asije akamfanya mama ajione mgonjwa. Miezi saba hivyo.

Jumatatu ya wiki iliyopita simu ikalia asubuhi. Binti alikuwa zizini, mikono imejaa sabuni. Haya ni maneno yake, nayasoma alivyoyasema:

"Mama alikuwa ameomba watu maisha yake yote, lakini mimi hajawahi kuniomba kitu. Hata glasi ya maji alikwenda kujichukulia. Siku hiyo akasema, 'Mwanangu, siko salama. Nakutaka. Naomba uje.' Sikunawa hata mikono vizuri. Nilifika Jumatano. Tulikaa pamoja siku tatu. Nilimchana nywele, tukagombana kuhusu dawa, akanisimulia mambo ya babu ambayo sikuyajua. Jumamosi akaondoka. Siku tatu hazitoshi. Lakini angekaa kimya, nisingekuwa nazo hata hizo."

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti yake, kwa wenzake wa ofisi ya wahisani, na kwa wote waliowahi kubishiwa hodi na Bi Naomba, tunatoa pole zetu za dhati. Mungu awape nguvu, na yeye apumzike.

Nasi tuliobaki tujiulize. Tunawaonea haya watu wanaotupenda. Tunawazunguka kwa adabu miaka na miaka, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Fundi mitambo wetu hapa studioni ananionyesha kwamba muda wangu umekwisha. Anisamehe dakika moja, hili si lake.

Kaka yangu mkubwa, najua saa hizi redio yako iko wazi. Mwaka wa nne huu hatujaonana, na hata sikumbuki vizuri tuligombania nini. Nimekukumbuka sana. Njoo nyumbani.