Muuguzi Agnella Aliyepiga Magoti Mbele ya Mawe

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Muuguzi Agnella Ngakonda anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Miaka kumi na mmoja ya mwisho aliitumia kuwafundisha polisi, mgambo na bodaboda wa Ifakara jinsi ya kumhudumia mtumiaji wa dawa za kulevya bila kumpiga wala kumkimbia.

Darasani kwake hapakuwa na kusinzia. Ukichelewa, unalazwa sakafuni uwe mgonjwa wa mazoezi, hata kama ni mkuu wa kituo.

Siku ambayo sisi wanafunzi wake hatuisahau ni ya mafunzo ya Mlabani, hapa Ifakara, mwaka 2021. Asubuhi mgambo mmoja, Fulgensi, aligoma kumgusa mwanasesere wa mazoezi.

“Teja ni mwizi tu, mama. Kumkamata nitamkamata, lakini kumpa pumzi, hapana.”

Muuguzi Agnella aliendelea na somo.

Saa sita mchana tukasikia kelele nyuma ya maduka. Beatus, fundi baiskeli, alikuwa chali, midomo imebadilika rangi, sindano pembeni. Watu wenye fimbo na mawe walimzunguka. Redio ya dukani ilikuwa imeibwa, nao walidai anajifanya amezimia. Muuguzi Agnella alipenya, akapiga magoti.

“Huyu hapumui! Anayetaka kumpiga aanze na mimi.”

Jiwe likampata begani. Hakugeuka. Alimchoma pajani sindano ya naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini. Tulikuwa na kichupa kimoja tu. Beatus hakutikisika.

“Fulgensi, njoo hapa kichwani. Mpe pumzi.”

 Fulgensi akatupa rungu lake, akaichukua barakoa ya kupumulishia, akainama. Kwa dakika nne hatukusikia kitu isipokuwa Muuguzi Agnella akihesabu. Ndipo Beatus akakohoa. Waliokuja na mawe wakaondoka mmojammoja.

Beatus alirudia kutumia mara mbili baada ya siku ile, na mara zote mbili Muuguzi Agnella alimfuata hadi kijijini Idete kumrudisha kwenye matibabu. Sasa huu ni mwaka wake wa tatu bila kutumia, analima mpunga. Fulgensi naye ameshawafundisha mgambo wenzake sitini na wawili.

Shikamoo, Muuguzi Agnella, na asante. Wengi wanaotembea leo mjini hawajui kwamba wana deni la shukrani kwako, sisi tunajua. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu, na uzee wenye furaha nyumbani Mkula.